Dakika Arobaini za Mama Subiri

Ifikapo Ijumaa tarehe 28 Juni, Mama Subiri, Ofisa Mwandamizi wa Usajili katika kituo chetu cha mapokezi, atakuwa ametimiza miaka thelathini na moja na miezi minne ya utumishi, na siku hiyo atastaafu. Ndivyo jalada lake linavyosema. Yeye mwenyewe aliomba hesabu irudiwe, kwa sababu jalada lilijazwa na mtu mwingine, na kwake yeye mtu akisemewa na mwenzake hajajibu. Tumerudia. Ni miaka thelathini na moja na miezi minne.

Wiki iliyopita alirudisha funguo zote saba bila kubishana, na jambo hilo limetutia shaka. Mtu ambaye hajawahi kumwachia mwenzake hata kalamu anarudisha funguo huku anatabasamu? Kimya kingi kina mshindo mkuu. Mlinzi wa lango ameombwa aangalie vizuri nani ataingia Jumatatu saa moja asubuhi.

Kwa waliojiunga nasi karibuni: kituo hiki hupokea watu waliokimbia makwao, na jukumu lake la kwanza ni wanawake na wasichana, ambao mara nyingi hukimbia vita au mafuriko kumbe anayewatesa amekaa kiti cha pili ndani ya basi lile lile. Mama Subiri alianza hapa kama mfagizi. Akideki korido ya bafu la wanawake, alisikia mambo yasiyolingana. Mezani mama amesema ana watoto watatu, wote wazima; bafuni, mikono ikiwa ndani ya povu, anasema walikuwa wanne. Mezani binti ana miaka kumi na tisa. Bafuni ana kumi na minne. Mfagizi akaweka dekio ukutani, akaenda kumwambia mkuu wa kituo wa wakati ule kwamba fomu zake zimejaa uongo ulioandikwa kwa mwandiko mzuri. Mwaka haukuisha akapewa meza.

Hapo mezani ndipo alipopata jina lake. Kila aliyemharakisha mwenzake aliambiwa, "Subiri kidogo, baba, huyu bado hajamaliza kuongea," hata kama huyo alikuwa hajafungua mdomo.

Alishuku kila kitu kilichonyooka mno. Hadithi isiyo na kigugumizi aliishuku. Mke anayejibu huku akitazama viatu vya mumewe alimshuku, na mume alimshuku zaidi. Sisi wenzake hatukusalimika. Ukimletea chai bila kuombwa, alikuuliza umefanya nini.

Shida ilikuwa fomu. Wakati ule ilikuwa na nafasi moja tu ya jina kamili: mkuu wa kaya. Mwanamume ndiye aliyeulizwa, ndiye aliyejibu, na kadi ilitoka kwa jina lake; mke na mabinti waliandikwa nyuma ya kadi kama mizigo. Kanuni hazikuruhusu kumtoa mume nje ili mke ahojiwe peke yake. Lakini kanuni zilitaka mkuu wa kaya apigwe picha, na hazikusema picha ichukue muda gani.

Chumba cha picha kilikuwa mwisho wa korido, chenye kitambaa cha bluu ukutani na kiti kimoja cha mbao. Mwenye chumba alikuwa Bwana Picha, mtu mpole mwenye kipara na subira ya kutotolea mayai. Mama Subiri alikuwa na kengele ndogo ya shaba mezani kwake. Mume akishaingia kwa Bwana Picha, alimtazama mke na mabinti usoni. Akiona kitu kimemkaa vibaya, aligonga kengele mara moja. Maana yake: mshikilie huyo. Akimaliza kuzungumza na wanawake, aligonga mara mbili. Maana yake: mwachie.

Bwana Picha alikuwa na njia moja tu ya kumshikilia mtu. "Aa, kaka, umefumba macho. Turudie." Vifungo vilinyooshwa, kidevu kilipandishwa, taa ilisogezwa, macho yalifumbwa tena. Wanaume wengi waliondoka hapa wakiamini wana ugonjwa. Mmoja alikwenda zahanati kuomba dawa ya matone. Mwingine alimlaumu mama yake mzazi kwamba kasoro imetoka kwa wajomba.

Kwa kawaida kazi hiyo ilichukua dakika arobaini. Ndani ya dakika hizo wanawake walisema yale yaliyokuwa yakisemwa bafuni, na wengi wao waliondoka na kadi ya peke yao iliyofichwa ndani ya kanga.

Miaka kumi na tisa iliyopita makao makuu yalituma mkaguzi aje kutafuta muda unapotelea wapi. Alikuwa kijana wa viatu vinavyong'aa, na saa ya kuhesabia sekunde ilining'inia shingoni mwake kama ya mwalimu wa michezo. Ni haki msomaji ajue mapema kwamba mkaguzi huyo ndiye anayeandika wasifu huu. Kwa aya chache zijazo nitaendelea kumwita mkaguzi, maana bado namwonea haya.

Mkaguzi alipima kwa wiki mbili. Picha ya mwanamke asiye na mume: dakika mbili. Picha ya mwanamume mwenye familia: dakika arobaini. Akajikuna kichwa. Kisha akaisikia kengele. Mara moja, kimya kirefu, mara mbili. Kila siku, na kila mara Bwana Picha alitoka chumbani akiwa na uso wa mtu aliyeridhika. Mkaguzi, ambaye mkewe husema hata chai yake mwenyewe huionja mara mbili, akaona amewashika. Hawa wawili wana lao! Alichungulia tundu la ufunguo la chumba cha picha, akafumaniwa na mfagizi, akadai alikuwa akikagua bawaba.

Ripoti yake ilikuwa na kurasa kumi na moja. Ilitaja "mawasiliano ya kengele yasiyoeleweka kati ya watumishi wawili wa jinsia tofauti." Ilipendekeza kamera mpya ya kisasa iwekwe pale pale kwenye meza ya usajili, familia nzima ihudumiwe pamoja kwa dakika saba, na Bwana Picha ahamishiwe stoo. Makao makuu yalifurahi sana. Mkaguzi alipewa cheti.

Kwa nini Mama Subiri hakujitetea? Kwa sababu naye alimshuku. Mtu wa viatu vile, anayetembea na saa na daftari, huenda ni mbea. Wanaume wakishajua maana ya kengele, mchezo umekwisha na wanawake wataadhibiwa njiani. Akaona bora aitwe hawara kuliko kuitoa siri. Kwa hiyo watu wawili wa ofisi moja, wote wakiwa na nia njema, waliviziana kama paka na panya, na kamera mpya ikafanya kazi kwa siku tisa.

Siku ya tisa, alasiri, aliingia mwanamume mwenye sauti nzuri, na mke, na binti aliyevaa sweta kubwa kuliko yeye. Mwanamume alijibu yote. Binti ni wake, ana miaka kumi na minane, na wote wanakwenda mji wa pili kwa kaka yake. Basi ni kesho saa moja asubuhi. Mkaguzi alikuwa amekaa pembeni na saa yake. Mama Subiri aligonga kengele mara moja, kwa mazoea. Hapakuwa na wa kumshikilia mtu. Binti aliitazama ile kengele, kisha akamtazama Mama Subiri, kisha akatazama chini. Dakika sita na nusu. Mkaguzi aliandika "vizuri sana."

Jioni, ofisi zikifungwa, Mama Subiri alisimama mbele ya meza ya mkaguzi. Sijasahau hata neno moja.

"Bwana mkaguzi, nimekushuku miezi miwili. Nikiendelea kukushuku hadi kesho, yule mtoto anapanda basi. Kwa hiyo nakuamini, si kwa kupenda. Ukinigeuka, shauri yako na Mungu wako."

Akaeleza kila kitu: kengele, kitambaa cha bluu, macho yaliyofumbwa, kadi ndani ya kanga. Mkaguzi akafanya nini? Alimshuku. Alimwomba ushahidi. Alimuuliza kama yote hayo yako kwa maandishi. Mama Subiri alimtazama kama mtu anavyotazama mlango uliokwama, akachukua mkoba wake, akaondoka.

Sikulala vizuri, na sitatia chumvi kuhusu hilo. Asubuhi nilikwenda kwenye basi nikiwa bado sijaamua. Nilimwona yule binti dirishani. Mkewe yule bwana alikuwa amemshika mkono binti chini chini, akimficha mumewe, na mwanamke hahitaji kumficha mumewe anapomshika binti yao mkono. Ndipo nikapanda ngazi za basi, nikamgusa bwana yule bega, na nikasema maneno ambayo sikuwahi kudhani yatatoka kinywani mwangu.

"Samahani, kaka. Picha yako ya jana umefumba macho. Inabidi turudie."

Bwana Picha alitolewa stoo na vumbi lake. Kitambaa cha bluu kilitundikwa. Dereva wa basi aliomba kuondoka, akaambiwa asubiri kidogo. Kengele iligongwa mara moja, na kwa saa yangu zilipita dakika hamsini na tatu kabla haijagongwa mara mbili. Mama yake yule binti alikuwa amefariki njiani. Bwana yule alimwokota binti katika msafara, na alikuwa anampeleka kwa kaka yake akawe mke. Binti alikuwa na miaka kumi na mitatu. Mke wa bwana yule ndiye aliyesema yote, akilia, na alipomaliza aliuliza kama na yeye anaweza kubaki. Alipewa kadi yenye jina lake, ya kwanza maishani mwake. Mumewe alipotoka chumba cha picha alikuta askari wawili wakimngoja, na katika picha yake, nadhani mtaamini, macho yalikuwa wazi kabisa.

Binti huyo sasa ni mtu mzima. Yuko wapi na anafanya nini hatutaandika hapa, kwa sababu Mama Subiri amekataa, na anashuku jarida hili huachwa ovyo kantini.

Mkaguzi aliandika ripoti ya pili, fupi zaidi, akaomba asirudishwe makao makuu. Kutoka hapo fomu ilibadilika: kila mwanamke na kila msichana husajiliwa kwa jina lake na huhojiwa faragha, na hakuna tena haja ya kumsingizia mtu kope zake. Ndiyo maana leo siri hii inaweza kuchapishwa. Vituo vingine viliiga, hata vya ng'ambo, na Mama Subiri alialikwa nchi nne kufundisha. Kote aliwashuku wakalimani. Katika mkutano mmoja alisimamisha kikao kizima hadi aambiwe nani yuko ndani ya kile kibanda cha vioo na anamwambia nani.

Nyumbani habari ni zile zile. Mkwewe anasimulia kwamba siku alipokuja kujitambulisha alitumwa nje kuangalia kama taa ya uani inawaka, na aliporudi mlango ulikuwa umefungwa na mchumba wake anahojiwa. Mumewe, mwalimu mstaafu, anasema mtungi ukivunjika wajukuu hutenganishwa kabla ya kuulizwa. Ameniomba nimwandikie pole.

Ningeweza kuishia hapo, na lingekuwa jambo la kunipendeza mimi. Lakini kamera yangu ilifanya kazi siku tisa. Ndani ya siku hizo familia arobaini na moja zilipita mezani kwa dakika saba saba, zikaenda. Mama Subiri aliyanakili majina yao yote, kila familia kwenye kadi yake. Kwa miaka kumi na tisa, katika likizo zake, kwa barua, kwa simu, kupitia madereva na wakunga, amewatafuta wanawake wa familia hizo ili awaulize walichonyimwa nafasi ya kukisema. Amewapata wa familia thelathini na nane. Hakunilaumu hata siku moja. Kila mwaka aliniambia tu idadi iliyobaki.

Jana alinikabidhi kengele na kadi tatu. Alinitazama kwa muda, kwa jicho lile lile la kwanza, kisha akaziachilia. Nadhani sasa ananiamini, ingawa leo asubuhi amepiga simu kuuliza nimeanza na kadi ipi.

Asante, Mama Subiri, kwa wale uliowasikiliza, na kwa kuniamini siku ambayo sikustahili. Uzeeni upate usingizi mzito, afya, na wajukuu wakweli.

Ijumaa saa nne, Bwana Picha anarudi kazini kwa siku moja. Kitambaa cha bluu kimefuliwa. Kaa kitini, tulia, nasi tunakuomba radhi mapema: utakuwa umefumba macho, na itabidi turudie. Kengele nitaigonga mimi, mara moja. Mara mbili sijui kama mkono utakubali.