Kiti Kinachoangalia Ukuta

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mganga Mkuu wa hospitali hii, Sheikh wetu, Askofu wa ndugu zetu Wamormoni, wauguzi, wahudumu wa chumba cha maiti, ambao kwenye hotuba huwa mnatajwa mwisho na leo nimewapandisha kidogo, ndugu wageni waalikwa, jirani zangu, wanangu: nawasalimu nyote kwa heshima zenu. Assalamu alaykum. Na wale ambao salamu yao ni nyingine, hamjambo?

Nimeambiwa nina dakika kumi. Mheshimiwa, nimeosha maiti kwa miaka thelathini na mmoja, na katika wote niliowahudumia hakuna hata mmoja aliyewahi kuniangalizia saa. Kwa hiyo mnivumilie.

Tumekusanyika kufungua chumba cha kuoshea na kuvishia maiti. Ni chumba kizuri, nilikikagua jana kwa mkono na kwa jicho. Meza ni ya chuma kisichoshika kutu, imeinama kidogo ili maji yateremkie miguuni. Mpira wa maji unafika hadi kichwani. Sakafu haitelezi, madirisha yako juu asichungulie mpita njia, na mlango, alhamdulillahi, una komeo. Mafundi, Mungu awape nguvu. Lakini nimewasikia mkinong'ona, na Mganga Mkuu mwenyewe ameniuliza: "Bi Mwosha, kile kiti cha pembeni mbona kimepigiliwa sakafuni na kinaangalia ukuta? Fundi amekosea?" Hapana, Daktari. Fundi naye aliniuliza mara tatu, na mara tatu nikamwambia apigilie vivyo hivyo. Nitaeleza, ila sina budi kuanzia mbali.

Chumba kilichokitangulia hiki wengi wenu hamkukiona, na afadhali. Ilikuwa stoo ya mafagio, mwisho wa ujia wa ghorofa ya chini. Meza ya mbao, imevimba kwa maji. Bomba lilikuwa nje, tukibeba ndoo. Mlango haukufunga, ikabidi kila mara mtu mmoja auegemee kwa mgongo. Humo ndimo tulimowaoshea mama zenu na dada zenu. Mkiuliza kwa nini hatukuwaambia, ni kwa sababu mtu aliyefiwa haongezewi mzigo.

Nami nilidhani ni sisi Waislamu peke yetu tunaoteseka na mlango ule. Sikujua kwamba Wamormoni nao huwavisha maiti wao kwa mikono yao wenyewe, mwanamke akivishwa na wanawake wenzake, nguo nyeupe tupu, pamoja na mavazi yao ya ibada ambayo si ya kila jicho. Nilijua siku nilipochukua furushi lisilo langu.

Siku hiyo kulikuwa na maiti wawili, mmoja wetu na mmoja wao, wakisubiriana zamu. Kwenye benchi la ujiani kulikuwa na mafurushi mawili ya shuka jeupe. Nikabeba moja, nikaingia, nikafungua fundo, nikaona mshono. Niliganda. Sanda haina mshono, jamani! Nikalifunga upesi kama mtu aliyefungua barua isiyo yake, na nilichokiona sikukisema siku ile wala leo sikisemi. Natoka mbio, nakutana na mwanamke mfupi, mashavu yamejaa, miwani imemteremkia puani, amekumbatia furushi langu.

"Mama, hili ni lako," akaniambia. "Nimefungua fundo tu, sikwenda zaidi. Nilipoona kitambaa hakina pindo nikasema, fundi wa watu hawa mvivu kweli! Halafu moyo ukanilipuka."

Nikacheka. Kwenye ujia wa maiti, mbele ya wafiwa, nikacheka, astaghfirullah. Naye akaninyooshea mkono. Ndugu zangu, nyinyi mnajua, na msijifanye hamjui: mwosha maiti hapewi mkono. Mnanipungia kwa mbali, mnanipenda kwa mbali, hata pipi mnanitupia. Yeye aliushika mkono wangu kwa mikono yake miwili, akautikisa mpaka bangili zikalia.

Alikuwa fundi cherehani. Na kwa kuwa kanisani kwao wote huitana Kaka na Dada, hospitali nzima ikamwita Dada Sindano. Sasa mnajua ni nani ninayemlilia leo.

Urafiki wetu ulianza kwa ugomvi. Alipokuja kwangu mara ya kwanza nilimpikia chai ya maziwa, hakuigusa. Mara ya pili nikampa ya rangi, hakuigusa. Mara ya tatu nikaleta kahawa, nikaitua kwa kishindo: "Mwenzangu, unaniona najisi? Mikono hii huwa naisafisha!" Alicheka mpaka miwani ikaanguka. "Chai na kahawa dini yangu imenikataza," akasema. "Kwani wewe nikikuletea pombe utakunywa?" Tangu siku hiyo nikawa namchemshia maji ya tangawizi. Akifunga Jumapili yake ya kwanza ya mwezi, mimi sipiki kitu chenye harufu. Nikifunga Ramadhani, yeye anashona na kufungua mdomo kwa maneno tu, chakula anakula akiwa kwake.

Na hatukugeuzana dini. Nalisema waziwazi kwa kuwa Sheikh yupo na Askofu yupo, na najua wote wawili mlikuwa mkikesha kwa wasiwasi. Tulijuana mipaka kama majirani wanavyojua ua wao: unapita, unabisha hodi, huung'oi.

Yeye ndiye aliyeanza kudai chumba. Aliandika barua, mwandiko umenyooka kama mshono wake, na chini ya kila barua sahihi mbili, yake na yangu. Mimi nikazipeleka, maana makarani waliniogopa, wakazipokea upesi ili niondoke. Kila mara tulijibiwa kwamba suala letu linafanyiwa kazi. Miaka saba, Mheshimiwa, linafanyiwa kazi! Mtoto aliyezaliwa siku ya barua ya kwanza sasa anajua kusoma, angeweza kutusomea majibu.

Hatukukaa tukikunja mikono. Kina mama wa msikitini tulipaka chokaa ile stoo, kina mama wa kanisa lake wakashona pazia. Mvua ilipoijaza ghorofa ya chini, wanaume wa pande zote mbili walijipanga mstari mmoja wakipokezana ndoo. Ijumaa adhuhuri wetu wakaenda kusali na Wamormoni wakabaki wanachota. Jumapili wao wakaenda kanisani, tukachota sisi. Hakuna aliyeitisha kikao juu ya jambo hilo. Maji yalikuwa magotini, nani ana muda wa kikao?

Mwaka wa nne, mama yangu mzazi alifariki. Mwosha wa mama za watu, siku ya mama yangu mikono ilikataa. Wapwa zangu wawili wananisubiri nianze, nami nimeshika kata ya maji, sijui pa kuanzia, wakati hata usingizini najua. Mlango ukasogea kidogo. Dada Sindano. Hakuja mezani, alijua hapo si mahali pake. Alifudikiza ndoo pembeni, akaketi, akatupa mgongo, uso ukutani. Akasema neno moja tu: "Nipo."

Basi. Nikaweza. Nilimwosha mama yangu, nikamtia kafuri, nikamkafini hadi fundo la mwisho, na kwa saa nzima na ushei yule mwanamke hakugeuka hata mara moja. Alipoinuka mguu ulikuwa umemfa ganzi, nikamwegemeza begani mpaka nje.

Nikamwambia, "Siku yangu uje ukae vivyo hivyo."

"Na yangu wewe."

"Tukifa siku moja je?"

"Basi Mungu atatafuta ndoo mbili."

Mwaka jana alianza kukonda. Akalazwa humu humu, wodi ya ghorofa ya pili. Barua ya kumi na moja aliiandika kitandani, na ule mwandiko ulionyooka ulikuwa unateremka pembeni. Alinipa kalamu nitie sahihi yangu. "Ipeleke leo," akasema. "Sitaki kuvishwa stoo." Nikaipeleka siku ile ile, nikarudi nikamwambia hutavishwa stoo. Ndugu zangu, niliahidi kitu kisichokuwa mkononi mwangu. Siku ya tisa akafariki. Na alivishwa stoo.

Mganga Mkuu, nakushukuru kwa dhati. Barua hiyo uliijibu, na jibu lilikuwa "ombi limekubaliwa". Lilinifikia siku tatu baada ya mazishi. Sikulaumu wewe, umekuja juzi, na barua kumi zilikutangulia. Kibao cha marumaru pale mlangoni kina jina la Mgeni Rasmi, na ni halali yake, ametoka mbali. Jina la Dada Sindano halipo, nami sikuja kugombana na kibao. Lakini ningesimama hapa nikicheka tu, ningekuwa mnafiki.

Siku ile, aliyekuwa fundi wa kuwavisha wenzake ndiye aliyelala mezani. Wa kumvisha walikuwa binti yake, yule pale safu ya tatu mwenye kitambaa cha bluu, na dada mmoja wa kanisani. Wote wawili hawajawahi kumgusa maiti. Kuna mtu wa kwetu aliniuliza, unakwenda kutafuta nini kwa maiti wa Mmormoni? Nikaenda kwa Sheikh. Sheikh, unakumbuka? Uliniambia, "Jirani ana haki yake. Nenda." Na Askofu, urefu wote ule, uliinama ukanipa ndoo mlangoni, kisha ukarudi nyuma. Sitawasahau kwa hilo.

Nikaifudikiza ndoo, nikaketi, nikawapa mgongo. Nikasema, "Nipo."

Muda kidogo nikasikia kilio cha binti. "Mama mkubwa, mkono haukunjiki!"

"Usiuvute," nikasema huku naangalia ukuta. "Shika kiwiko. Usugue taratibu kama unampasha mtoto joto. Mpe nafasi, atalegea."

"Amelegea."

"Shuka lisimtoke. Lolote mnalofanya, lifanyeni chini ya shuka. Mkimgeuza, bega kwanza, halafu nyonga. Na usimgeuze kimya kimya, mwanangu. Mwambie."

Nikamsikia binti akisema, "Mama, nakugeuza. Nakugeuza kidogo tu, mama."

Miaka thelathini na mmoja sijalia kazini. Siku ile nililia, machozi yakatiririka mpaka shingoni, na hakuna aliyejua, maana nilikuwa nimewapa mgongo. Sauti sikuiacha itetemeke. Wale wasichana walikuwa wameishikilia sauti yangu kama mtu anavyoshikilia ukingo wa ngazi gizani. Mbele ya pua yangu palikuwa na msumari uliopinda na mkwaruzo wa mti wa fagio. Ukuta ule naweza kuwachorea hata sasa.

Mwishowe binti akasema, "Tumemaliza, Mama mkubwa. Tumemfunika. Geuka."

Nikageuka. Shuka lilikuwa kidevuni. Miwani wamemvua, na pande mbili za pua kuna vile vialama vya miwani ya miaka yote. Nilimtazama rafiki yangu. Nikamwambia, nisamehe kwa stoo.

Ndiyo habari ya kiti, Daktari. Humu Muislamu ataoshwa na Waislamu, Mmormoni atavishwa na Wamormoni, na wengine kwa taratibu zao. Lakini kila maiti ana rafiki asiye wa dini yake, anayebaki nje ujiani, hajui aweke wapi mikono. Huyo aingie, aketi pale. Asiguse wala asitazame, awepo. Nimekipigilia kiti ili asije mtu mwema wakati wa kufagia akakigeuza.

Wahenga walisema mwosha huoshwa, nami zamu yangu haiko mbali. Wapwa zangu wanaijua kazi, sina hofu ya meza. Hofu yangu ni kona ile. Yeye aliahidi kunikalia, na ameondoka kabla yangu. Nawaambieni kweli, hili linaniliza kuliko kifo chenyewe.

Wiki iliyopita binti yake alikuja kwangu. Alikunywa maji ya tangawizi, kisha akauliza: "Mama mkubwa, siku yako, kile kiti nikikalie mimi?" Nilijifanya natafuta sufuria.

Mwanangu, leo nakujibu mbele ya mashahidi. Kikalie. Njoo mapema, maana kwetu hatucheleweshi. Jipangie siku nzima, usije na haraka. Wapwa zangu wakibabaika usiwafundishe, wanajua. Wewe wape mgongo, utazame ukuta, useme lile neno la mama yako kwa sauti ya kutosha, nami pale mezani, Mungu akipenda, nijue ni nani amekuja.

Mheshimiwa, dakika zangu zimekwisha tangu zamani. Nawashukuru nyote. Asanteni kwa kunipa masikio yenu.