Ng'ombe wa Bogonko

Njooni karibu wanangu, kaeni chini, na wewe Kipkirui toka hapo dirishani, lori ulingojee au usilingojee litafika tu. Macho yangu yaliisha mwaka juzi kwa ugonjwa wa sukari, lakini masikio bado ni yangu, nasikia unavyoigeuzageuza simu mkononi. Iweke. Pumzi niliyo nayo asubuhi hii ni kidogo, na neno nililo nalo ni refu, nami naogopa, wanangu, naogopa kweli, kwamba mnunuzi wenu wa ng'ombe kutoka Litein atafika kabla sijamaliza.

Ardhi isiwagombanishe. Kimutai, wewe mkubwa, chai yote ya kilimani ni yako, kuanzia kituo cha kuuzia majani mpaka kwenye mikaratusi. Kipkirui, wewe kitinda mimba, malisho ya bondeni ni yako pamoja na nyumba ya mama yako, na Rodah utakaa naye umtunze mpaka Mungu amwite, kwa sababu hiyo ndiyo kazi ya mtoto wa mwisho tangu zamani. Chepkosgei, ploti ya Kiptere ni yako, na mtu asiniambie binti harithi, maana miaka hii miwili ni nani amekuwa akinigeuza kitandani? Ule ugomvi wa ua na jirani yetu Kipruto umalizeni. Mimi ndiye niliyesogeza kigingi, futi mbili nzima, kwa ukaidi tu. Kirudisheni, mnywe naye chai, mcheke. Hayo ni mepesi. Linalonitoa jasho ni ng'ombe.

Mmenisikia kwenye harambee nikijigamba, Aron arap Maritim, mchunga ng'ombe wa mzungu aliyeanza na mtamba mmoja akajaza bonde. Watu walipiga makofi. Hata kasisi amekuwa akinitolea mfano kanisani, nami nakaa pale kiti cha mbele naangalia viatu vyangu. Mtamba alikuwa mmoja, ni kweli. Ila hakuwa wangu.

Tulieni. Kimutai, nimesikia umeguna, guna baadaye.

Alikuwa wa Bogonko. Nyinyi wadogo hamkumjua. Alikuwa Mkisii, mchuna chai kwenye shamba kubwa la kampuni hapo juu, mtu mfupi mwenye kicheko cha mtu mrefu. Alinunua mtamba, lakini kambini kwa wafanyakazi mifugo ilikuwa marufuku, hata kuku ulimficha. Akaja kwangu. Nikamwambia, kwetu kuna kimanagan, mweke ng'ombe wako kwangu: maziwa ni ya anayelisha, ndama ni wa mwenye ng'ombe. Akasema, tuandike? Nikacheka, nikamwambia sisi hatuandiki, shahidi wa ng'ombe ni ulimi wa mtu. Alinipa mkono. Basi ikawa hivyo, na kila Jumapili baada ya kanisa alikuja na koti lake jeusi, akalivua, akamtoa ng'ombe wake kupe mmoja mmoja kwa vidole, huku akimwambia maneno ya kwao, utadhani anamsuka binti yake nywele. Mimi nilimcheka. Kisha ndigana, ile homa ya kupe, ikapita bondeni, ng'ombe zangu tisa wakalala wasiinuke, na yule wa Bogonko pamoja na ndama zake watatu wakabaki wanatafuna majani kana kwamba hakuna lililotokea.

Hapo ndipo jicho langu lilipoharibika, si mwaka juzi. Wazee husema heri kufa macho kuliko kufa moyo. Mimi nilianza na moyo.

Ukaja mwaka wa fujo za uchaguzi. Watu wa kwao wakafukuzwa, nyumba zikateketea, na Bogonko akapita hapa alfajiri na mke na mtoto mgongoni, akaniambia, ndugu yangu, wewe niangalizie tu. Nikasema nenda, hawa ni kama wangu. Lo! Na wakawa wangu kweli. Wiki ile ile nilichukua kisu nikawakata masikio alama ya ukoo wetu, wote wanne, na damu ilikuwa inanitiririka mkononi, na mama yenu amesimama mlangoni ananitazama. Rodah, sikulaumu. Ungesema, ningekupigia kelele.

Amani iliporudi, naye akarudi. Alitembea kutoka barabarani, amebeba mkungu wa ndizi, zawadi yangu mimi niliyemtunzia mali. Tukampa mursik, maziwa yetu ya mgando, akanywa, akasifu. Kisha akauliza. Nami nikamwambia, walichukuliwa, ndugu yangu. Vijana wenye mishale walikuja wakawachukua wote. Na huko bondeni yule ng'ombe mkubwa, nadhani alikuwa ameisikia sauti yake, akaanza kulia. Akalia, akalia. Bogonko akainua kichwa akasikiliza, kisha akaniambia, wewe angalau Mungu amekuachia wako. Akapiga magoti hapa, sakafuni hapa, akaliombea boma hili lizidi. Akaenda zake na koti lake, akaacha ndizi.

Boma likazidi. Kimutai, ualimu wako ni fahali wawili wa Bogonko. Chepkosgei, ile miezi uliyolazwa Kericho ni ndama za Bogonko. Hawa thelathini na mmoja mnaotaka kuwauza leo mpande chai bondeni, hakuna hata mmoja asiyetoka tumbo la mtamba yule. Siku za mwizi ni arobaini, husemwa, lakini mimi nimepewa miaka zaidi ya thelathini, na niwaambie, afadhali zingekuwa arobaini. Mbwa akibweka, nilijua ni yeye. Gari likisimama langoni, nilitokea mlango wa nyuma. Mwaka jana nikasikia kanisani kwamba amefariki, nikadhani sasa nitalala. Wapi! Ndiyo ikawa mbaya zaidi, maana amekwenda akiamini mimi ni rafiki yake.

Mama yenu ameleta kibuyu cha mursik niwabariki, nami nimekikataa, amenuna. Usinune, mama. Maziwa yalikuwa halali yangu hadi siku ile nilipomkana mwenye ng'ombe. Nitawabarikije watoto kwa maziwa ya mtu niliyemdanganya?

Sasa shikeni neno langu. Bogonko ana mtoto, Onchiri, fundi wa mawe, yuko Litein, Chepkosgei anaijua nyumba yake. Ndiye yule aliyebebwa mgongoni. Leo hii mumwite, mumwonyeshe ng'ombe wote, mumweleze kama nilivyoeleza, msipunguze, msiseme mzee alichanganyikiwa. Akisema tugawane, shukuruni. Akichukua wote, fungueni lango. Msimwambie habari ya majani na josho na dawa za miaka yote hii, kwa sababu maziwa tulikunywa.

Subirini. Nyamazeni.

Hilo ni lori. Linapanda pale kwa kona, linabadilisha gia. Chepkosgei, niinue... niinue kidogo, mgongo. Nani amesimama? Hizo ni hatua za Kipkirui, anaburuta mguu wa kushoto tangu alipoanguka na pikipiki. Kipkirui. Unaenda kumrudisha yule mnunuzi, au unaenda kumfungulia lango?

Nijibu, mwanangu.

Huyo anatoka. Kimutai, usimshike. Nimesema mwache! Ng'ombe haelemewi na nundu yake, lakini hii nundu nimewapa mimi, hamkuzaliwa nayo. Ningeweza kumlaani hapa nilipo, na mnajua ulimi wa mzee saa kama hii unafika. Nimekuwa na laana hiyo mdomoni tangu alfajiri, chungu kama kwinini, kwa ajili ya yeyote atakayeuza. Lakini mtu aliniombea mimi, magotini, nikiwa nimekwisha kumwibia, naye hakujua. Nami sitangoja nijue huyu amechagua nini.

Leta kikombe. Maji, maji tu ya mtungi. Inama, Kimutai, nikutemee baraka... huyo. Chepkosgei... huyo. Na haya ya mwisho nayatema kule mlangoni, alikopitia. Yampate akiwa langoni, hata kama mkono wake uko kwenye komeo. Mzae. Mlishe wazee. Mbwa akibweka mlale tu, mgeuke upande wa pili mlale. Kongoi, asante, Rodah... mkono wako uko wapi? Uko baridi. Au ni wangu.

Lori limezima. Wanaongea... sisikii wanasema nini. Chepkosgei, usiende kuangalia. Kaa hapa na mimi.