Mwalimu Ngige na Jua la Machi

Wasikilizaji wapendwa, mlio jikoni, dukani na shambani, karibuni tumkumbuke mtu mmoja: Mwalimu Ngige Gathogo wa Kitale. Alifundisha jiografia. Alizikwa Jumamosi iliyopita, nyumbani kwake, nje kidogo ya mji. Habari zake tumezipata kwa Chepkorir, mwanafunzi wake wa zamani, ambaye siku hizi anafundisha elimu ya nyota huko chuoni Kibabii, Bungoma.

Chepkorir alikuwa kidato cha pili, msichana wa kutoka Mlima Elgon, asiyetulia darasani hata kidogo. Walimu wengine walimfukuza nje. Ngige naye alimtoa nje, lakini akatoka naye. Ilikuwa Machi, saa saba kasorobo mchana, jua la utosi. Akachomeka kijiti ardhini.

"Kivuli chake kiko wapi?"

Msichana akatafuta huku na huku. Akajitazama miguuni. Hata chake hakikuwepo!

"Huku kwetu karibu na ikweta, jua husimama juu ya kichwa siku chache tu, Machi na Septemba," Mwalimu akamwambia. "Ngoja kidogo, utakiona kikirudi. Dunia haitulii, Chepkorir. Wewe utatuliaje?"

Hapo ndipo anga lilipomteka, na halijamwachilia hadi leo.

Kila Machi Ngige alisimama uani akimwita mkewe, Mama Nyaruai, aje aone. Na kila Machi mama alikuwa shambani. "Hiyo kivuli yako itanipandia mahindi?" Hilo ndilo lililokuwa jibu lake. Zaidi ya miaka arobaini, hakuja hata mara moja.

Mwaka huu mzee akalazwa hospitalini Bungoma. Chepkorir alikuwa akipita kumwona akitoka kazini. Siku moja mzee akamshika mkono.

"Mwezi ni huu wa Machi. Nikienda, Nyaruai aone. Mara moja tu. Niahidi."

Akaahidi.

Basi Jumamosi ikafika. Mnajua mazishi ya kwetu, wasikilizaji. Kila mtu ana neno moja tu, na hilo moja haliishi. Jeneza lilikuwa nje, kando ya kaburi. Familia ilikaa hemani, na hemani hakuna jua. Chepkorir alikuwa akisimama, akikaa, akisimama tena. Kila akitazama chini, kivuli chake kimepungua. Mheshimiwa mbunge akapokea kipaza sauti, akaanza habari za barabara. Mawingu nayo yakaanza kujikusanya upande wa mlima. Jua likipita, ahadi imekufa.

Akaingia hemani mbele ya umati wote, akapiga magoti.

"Mama, toka nje kidogo."

"Saa hii? Na mheshimiwa si anaongea?"

"Jua halitamngoja, Mama. Ni Mwalimu aliniagiza."

Mama Nyaruai akamtazama. Halafu akainuka, akajifunga leso vizuri, akatoka hadi kwenye jeneza. Mheshimiwa akanyamaza katikati ya sentensi. Mama akainamisha kichwa. Akainua mguu mmoja, kisha wa pili. Kivuli kilikuwa kimeingia chote chini ya viatu vyake.

"Kumbe ni hii tu?" akasema.

Kisha akaweka kiganja juu ya jeneza.

"Ngige, si ungenivuta tu mkono? Ati miaka hiyo yote ulikuwa unasimama hapa peke yako?"

Akalia kwa sauti. Chepkorir pia akalia. Walipotaka kumrudisha hemani, mama alikataa, akabaki palepale juani.

Kwa Mama Nyaruai, watoto na wajukuu, na kwa wote waliopita mikononi mwa Mwalimu Ngige Gathogo wa Kitale, poleni sana. Mungu awatie nguvu.

Na wewe unayenisikiliza sasa. Hapo nyumbani kuna mtu aliyekuita uje uone kitu chake, ukamwambia angoje. Zima redio, uende.