Vitabu Kumi na Vinne vya Mwalimu Eufrasia Makoye

Ndugu waombolezaji, tunaomba msikilize mpaka mwisho. Tangu juzi kuna maneno yanazunguka hapa msibani, nayo yatajibiwa.

Mwalimu Eufrasia Makoye alizaliwa Kolandoto tarehe 14 Machi 1957, mtoto wa pili wa mzee Makoye Lugata na mama Apolonia. Alianza shule ya msingi hapo hapo mwaka 1965. Mama alikuwa akisema mtoto huyu hajawahi kumaliza chakula akiwa ameketi. Darasani aliadhibiwa mara nyingi, si kwa kukosa majibu, bali kwa kuyapata kwa njia ambayo mwalimu hakuifundisha.

Alihitimu ualimu mwaka 1977, akafundisha hesabu Kagongwa, na kuanzia 1994 Segese, hadi alipostaafu mwaka 2017.

Mwaka 1982 alifunga ndoa na Masalu Nkwabi, fundi wa reli Isaka, aliyetutangulia mwaka 2006. Wakati wa uchumba Masalu hakumletea kitenge. Alimletea kitabu cha hesabu cha Kigujarati kilicholiwa na mchwa, alichokikuta katika duka lililokuwa linafungwa Shinyanga mjini. Marehemu hakujua Kigujarati. Alihangaika wiki tatu na jedwali moja la kuzidisha mpaka akazitambua tarakimu zote. Baada ya hapo hakutulia tena. Kila likizo alipanda malori hadi Geita na Mwanza, akiulizia kwenye misheni na maduka ya zamani. Alipata vya Kijerumani, vya Kiarabu, vya Kiingereza. Vya kuzidisha kwa vidole, kwa vijiti, na kwa miraba iliyokatwa mshazari. Vikafika kumi na vinne.

Miraba hiyo ndiyo iliyoleta shida. Wachimbaji wa Segese waliiona wakasema ni ramli ya kuonyesha dhahabu ilipo. Mmoja wao, Salmini, alimfuata nyumbani akiwa na tope la duarani, shimo lake la kuchimba dhahabu.

“Shikamoo, mayu, mama mwalimu. Nichanie ukurasa mmoja tu, nikaufukie kwenye duara langu.”

“Marahaba. Kaa. Saba mara nane ngapi?”

“Mayu, mimi nimekuja kutafuta dhahabu, siyo kurudi darasa la tatu!”

“Kwani ulilimaliza? Lete vidole.”

Akamfundisha siku hiyo hiyo, na ukurasa hakumpa. Salmini yupo hapa leo. Ndiye aliyesimamia uchimbaji wa kaburi hili.

Mwaka 2011 mdogo wake, Vumilia, ambaye ndiye anayesoma hapa, aliiona miraba ile akaenda kuwaambia wazee wa kanisa kwamba ni ramli, bila kumwuliza dada yake neno. Marehemu alitengwa na Meza ya Bwana miezi minane. Aliporudishwa, Vumilia hakusimama kukanusha. Nakanusha leo. Ilikuwa hesabu. Nilitoa ushahidi juu ya jambo nisilolijua, na hiyo ni dhambi hata ukiitenda kwa nia njema.

Aligundulika na kisukari mwaka 2019, kikafika kwenye figo. Alilazwa hospitali ya Kolandoto tarehe 27 Januari mwaka huu. Hapo binti yake, Esta, alisema kile kitabu cha Kigujarati kiwekwe jenezani, kwa kuwa ni zawadi ya baba. Marehemu aliinuka kitandani.

“Thubutu! Mkinizika nacho watanifukua kabla maua hayajanyauka. Hawa kuchimba ndiyo kazi yao.”

Alicheka. Kisha akayarudia maneno yale bila kucheka, akatuapisha. Alifariki Alhamisi, tarehe 6 Februari 2025, saa nne asubuhi.

Hata hivyo, tumesikia inasemwa kwamba kitabu kimo ndani. Kwa hiyo leo asubuhi jeneza lilifunguliwa mbele ya wazee na wachimbaji wawili, Salmini akiwa mmoja wao. Ndani yumo marehemu na shuka lake. Vitabu viko pale mezani, pembeni ya picha yake, vyote kumi na vinne. Piteni mvihesabu wenyewe. Kuanzia Jumatatu vitakaa shuleni Segese alikofundisha, na anayetaka ukurasa ataketi chini afundishwe, kama alivyotaka mwenyewe.

Ameacha watoto wawili, Esta na Nkwabi, wajukuu watano, na mdogo wake mmoja.

Dada yetu hakuwahi kutulia mahali pamoja. Mungu ampumzishe kwa amani, nasi tumwache apumzike.