Shingo ya Baiskeli Nyeusi

Wasikilizaji wapendwa, sogeeni karibu na redio. Leo tunamkumbuka Gisiri, fundi wa baiskeli wa Isebania, huku mpakani. Alitutoka mwezi wa nane mwaka huu wa 1999, kwenye mteremko wa kuingia Homa Bay. Naam, fundi wa baiskeli, na baiskeli ndiyo iliyomuua. Inauma.

Gisiri alikuwa na mdomo, jamani. Ukimpelekea baiskeli iliyopinda, anakucheka kwanza, ndipo anaitengeneza. Na alikuwa na desturi moja: baiskeli ikitoka mikononi mwake, yeye ndiye wa kwanza kuipanda. Mwenye baiskeli haigusi mpaka fundi arudi salama.

Mkewe, Bhoke, ana mdogo wake aitwaye Mwikwabe. Kijana huyo alikuwa na mbio. Aliitwa kwenye mashindano ya baiskeli Homa Bay, na mshindi angechukuliwa na timu ya Nairobi. Mgeni mmoja alikuwa amemwachia baiskeli ya mashindano, nyeusi, nyepesi, imefunguliwa vipande vipande. Gisiri akamwambia, "Shemeji, hii niachie mimi."

Taabu ilianzia shingoni. Bomba la foku, ule uma unaoshika gurudumu la mbele, bomba linalopita shingoni na kushika usukani, halikuwa la chuma. Lilikuwa la kaboni, kitu chepesi na kigumu, lakini kikibanwa vibaya hupasuka. Ndani yake huwekwa kizibo maalum, kinachotanuka polepole bila kuliumiza. Gisiri alikitazama, akakitupa kando. "Mchezo wa watoto huu," alisema. Akachukua nati ya chuma yenye meno, akaipigilia kwa nyundo, vile alivyozipigilia nyingine zote maishani. Usukani ukachezacheza. Akakaza bolti. Ukacheza tena. Akakaza zaidi.

Bhoke alikuwa hapo akichambua mboga. "Nilisikia kitu kikilia ka!" anasema. "Nikamuuliza, Baba Liz, hiyo imelia nini? Akasema ni rangi tu. Nikaendelea na mboga zangu."

Asubuhi ya mashindano, huko Homa Bay, Mwikwabe alishika usukani apande. Gisiri akamtoa. "Ngoja, shemeji. Fundi kwanza." Akapanda kilima, akageuka, akashuka kwa kasi. Chini akabana breki. Lile bomba la kaboni likakatika. Usukani ukabaki mikononi mwake, gurudumu likaenda kwingine, naye akaangukia kichwa. Alikata roho palepale barabarani, Mwikwabe amempakata.

Wasikilizaji wapendwa, kuuliza si ujinga. Wewe mwenye mkono uliozoea kazi, kitu kigeni kikifika mbele yako, uliza kwanza. Gisiri hakuuliza. Kwa Bhoke, watoto, Mwikwabe na mafundi wote wa mpakani, poleni sana. Mungu awashike.

Mwikwabe hajapanda baiskeli tangu siku hiyo. Huja kwa dada yake, hukata kuni, huchota maji, na hazungumzi. Tulimuuliza Bhoke kama wanaongea juu ya jambo lile.

"Angemwacha ndugu yangu apande, leo ningekuwa na mume," akasema. "Naomba nisiwaze hivyo. Nawaza kila siku. Na Mwikwabe anajua."