Kofia ya Profesa Kwenye Foleni

Kijiwe chetu kiko nyuma ya soko la Nyamache: ubao mmoja juu ya mawe mawili, chini ya dirisha la chumba cha kumbukumbu. Ndani ya chumba hicho kuna kaseti za sauti za wazee wa huku, picha za zamani, meza moja na redio moja ya kaseti. Anayekitunza ni Onyiego, lakini Ijumaa hiyo alikuwa amekwenda Nyamira kuulizia mabati ya paa. Ufunguo aliniachia mimi, akisema mfuko wangu ndio pekee kijiweni usio na tundu. Sifa nyingine hakunipa. Bosire alikuwa na birika lake la kahawa, maana majani chai tunayaona shambani mpaka tumeyachoka. Okemwa, tunayemwita Wakili tangu alipotoa ushahidi kortini juu ya ndizi za jirani, alikuwa amekalia mahali pazuri. Makori, fundi wa redio tunayemwita Antena, alikalia palipobaki. Na katikati yao alikaa Marion, mwanafunzi wa chuo kutoka Itumbe, mkoba magotini, akiniangalia mfuko.

Alitaka kusikiliza nyimbo za wanawake waliokuwa wakisaga wimbi kwa jiwe. Utafiti wake ulitakiwa chuoni Jumatatu. Jua likizama Onyiego anaingia Sabato, na Jumapili chumba hakifunguliwi. Kwa hiyo ilikuwa ni mchana huo au basi. Aliyasema hayo kwa upole, na mimi nikamwonea huruma kwelikweli.

Kilichomzuia ni kofia. Baada ya mavuno ya wimbi alikuja profesa mmoja, akasikiliza kaseti mbili, kisha akaaga, akiomba wengine wasiguse zilizobaki mpaka arudi amalize kitabu chake. Onyiego, aliyefanya kazi miaka mingi kwenye mashine ya kusaga, akamwambia afanye kama kule: unaacha debe lako kwenye foleni, unakwenda zako, nafasi yako haichukuliwi na mtu. Profesa hakuwa na debe. Akaacha kofia mezani. Tangu siku hiyo kofia ndiyo inayohudumiwa.

— Nilikuja mara ya kwanza nikaambiwa kofia iko mbele yangu, Marion alisema. Nikarudi, bado iko mbele. Na kofia haisikilizi kitu.

— Hiyo huwezi jua, Wakili akajibu.

Akatueleza kwamba foleni haiangalii sura ya mtu. Debe la tajiri na debe la maskini ni madebe tu. Nikimfungulia msichana nitakuwa nimeionea kofia, tena ikiwa peke yake, haina hata mtu wa kuisemea. Nikamuuliza kama kofia ya mtu wa hapa ingeheshimiwa hivyo. Akasema ya mtu wa hapa ingekuwa imeshavaliwa.

Antena akaja na dawa yake.

— Hiyo redio iko na spika mbili. Ya kushoto ikuwe ya kofia, ya kulia ikuwe ya huyu msichana. Kila mtu na yake, hakuna kelele.

— Ya kulia ina sauti kubwa, Wakili akapinga. Huo ni ubaguzi.

— Ya kulia nilitengeneza mimi mwenyewe.

Tukakubaliana wote kwamba basi ya kulia haina sauti. Marion akasema atachukua hiyohiyo, hata ikinong'ona. Lakini Wakili alikuwa ameshapata kasoro nyingine: msichana ana masikio mawili na kofia haina hata moja, kwa hiyo ili mambo yawe sawa, Marion inabidi azibe yote mawili.

Hapo Bosire, ambaye kwa kawaida huzungumza na birika lake tu, akasema sisi ndio hatuelewi kazi. Tuitoe kofia nje, tuiweke hapa ubaoni, iwe imetoka kunywa kahawa kama mtafiti yeyote anavyotoka. Ikiwa huku, Marion aingie.

— Na ikikataa kutoka? Wakili akauliza.

Nawaambia, watu wazima walikaa wakafikiria kofia ikikataa kutoka. Antena alipendekeza tuiandikie. Bosire akasema isomewe, huenda haijui kusoma. Mimi nilikuwa nimeanza kuchoka, na kahawa ilikuwa inapoa.

Marion akafungua mkoba, akaufunga tena bila kutoa kitu.

— Wazee wangu, hizo nyimbo nyanya yangu alikuwa anaimba akisaga, na mimi sikumbuki hata moja. Profesa amesikia kaseti mbili. Kitabu yake ikitoka, hizo mbili ndizo zitakuwa nyimbo zetu zote. Mimi sitaki kumtoa. Nataka tu na mimi niingie.

Wakili akaitikia kwa kichwa, taratibu. Nilidhani maneno yamewaingia. Kumbe Wakili alikuwa anatunga hukumu. Alisimama kabisa, akakung'uta suruali. Alisema kwa kuwa haiwezekani kuwapa wote sawasawa, haki ni kuwanyima wote sawasawa. Chumba kifungwe. Asiingie Marion, asiingie profesa, asiingie Onyiego mwenyewe. Kofia nayo itolewe.

— Itatolewa na nani, na hakuna wa kuingia? nikamuuliza.

— Basi ibaki, lakini isijione bora.

Bosire akasema hiyo ndiyo hukumu ya haki kuliko zote alizowahi kusikia. Antena akapiga makofi. Marion aliinamisha kichwa, na mimi nikashika ufunguo mfukoni kwa hasira, bado sijajua nitaufanyia nini.

Wakati huo akapita Nyakerario, mama mzee anayeuza ndizi sokoni, kapu lake likiwa tupu. Tukamsogezea nafasi akakaa. Bosire akamimina kahawa, ikatoka nusu kikombe, birika likawa limekwisha.

— Nasikia hapo ndani kuna kaseti ya Gesare akisaga wimbi, alisema.

— Iko, mong'ina, nikamjibu, kama tunavyowaita mama wazee huku.

— Gesare ni mama yangu. Hiyo sauti sijaisikia tangu tumzike. Sasa mimi niko nyuma ya nani?

 Wakili akakung'uta suruali tena. Antena akaanza kuchunguza kucha zake. Nyakerario akatuangalia mmoja mmoja bila ukali, akingoja, maana alikuwa ameuliza akitaka kujua kweli, akiwa tayari kupanga foleni.

Niliinuka nikafungua mlango. Kofia nikaichukua mezani nikaiweka ubaoni, mahali pangu, na haikukataa. Nyakerario akamshika Marion mkono.

— Wewe ndiwe unatafuta hizi nyimbo? Kuja uniwashie hiyo redio, mimi siijui.

Akafika mlangoni, akageuka, akaonyesha ubaoni.

— Na mwenye hii kofia akirudi, mwambieni naye aingie. Asikae nje kama hana kwao.

Nikakaa ukingoni, kando ya kofia. Ndani tukasikia Marion akibonyeza kitu, kaseti ikakwaruza, halafu jiwe likaanza kusaga, polepole. Wakili akasimama, akasogea mpaka dirishani. Sijawahi kumsikia akiongea kwa sauti ndogo hivyo.

— Mong'ina, sisi tunaweza kusikilizia hapa nje?

Kaseti ikasimamishwa. 

— Mkinyamaza, alisema Nyakerario.