Mchoro wa Kantini

Muuguzi alikuwa amefumba macho kwenye treni, lakini masikio yake yalikuwa macho. Kiti cha mbele, mama wa kiwanda cha sabuni, mwakilishi wa chama cha wafanyakazi, alikuwa akimchekea jirani yake, karani wa kiwanda cha viatu.

"Safari hii mameneja wametubandikia mchoro wa mtambo mpya kantini kabla ya kuununua. Dada mmoja wa kufungasha akauliza, 'Utapitia mlango gani?' Mameneja wakakimbilia kupima mlango! Mtambo wa mwaka jana ulipofika, tulibomoa ukuta."

"Lakini mama, siri za kampuni hazianikwi kama nguo," karani alisema, amekumbatia mkoba wake.

"Kitanda usichokilalia, mwanangu, hujui kunguni wake. Mtambo ukikwama mlangoni, atausukuma mkurugenzi?"

Muuguzi alibana kicheko, kikamtokea puani. Akajifanya anakohoa.

Karani naye akacheka hadi mabega yakatikisika. Treni ilipopunguza mwendo aliinuka, akafungua mkoba, akautazama mchoro wa ghala jipya la kiwanda chao, uliopigwa muhuri wa 'SIRI'.

"Mama," akauliza akiwa mlangoni, "mchoro wenu waliubandika juu kiasi gani, ili na wafupi wauone?"